Mkono wa Kushoto Una Huruma

Mkiwa,
12 Septemba 2024

Mama Mselemu,

Salamu nyingi sana. Huku tu wazima wote, isipokuwa bega, ambalo mpaka leo sijui niliweke kundi gani.

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Damari, yule binti wa mazoezi pale hospitali, alisema vidole visilale: kiwiko kikae mezani, mkono uandike chochote kile. Nilianza kwa kuandika majina ya ng'ombe, yakaisha haraka. Nikasema basi nimwandikie mke wangu, ambaye habari zake ni ndefu kuliko za ng'ombe. Tena simu yenu siipendi. Nikipiga, binti yako Hana anaweka spika, na majirani wote wa mtaa wenu wanajua nimelala vipi.

Nalala nimekaa, kama mlinzi wa ghala. Nikiteleza tu kidogo kwenye mito, bega linaniamsha. Shati naanza kuingiza mkono mgonjwa kama tulivyofundishwa, na nikifika kwenye vifungo jua limeshakuwa kali. Bado watu wanapita kunipa pole, na kila mmoja anataka aelezwe upya: maksai, barabara, honi ya lori, kamba. Nawaambia kamba nilikuwa nimejizungushia mkononi. Mimi, niliyewafokea vijana wa Mkiwa nzima wasijizungushie kamba ya ng'ombe mkononi! Wanainama kwa adabu, wanakwenda kuchekea barabarani.

Rafiki yangu Obadia anakuja kila asubuhi kunipandisha mkono, kama mlivyopatana kabla hujaondoka. Kwa hilo usiwe na wasiwasi.

Mkwe wetu hana neno. Anapika, anaweka sahani kizingitini, anabisha, anakimbia. Sijui ananiheshimu au hanipendi. Tangu Mselemu amuoe, uso wake sijauona sawasawa.

Msalimie Hana na mjukuu wangu. Mwambie babu yake kwa sasa hawezi kumbeba, asikue haraka.

Mumeo,
Mazengo


Singida Mjini,
17 Septemba 2024

Baba Mselemu,

Barua yako nimeipata kwa kondakta, imekunjwa kama karatasi ya kufungia karanga. Nimefurahi, kisha nimeisoma mara ya pili nikaacha kufurahi.

Kwanza ya huku. Mtoto ananyonya vizuri na ana sauti yako. Mama yake ndiye bado. Mshono wa Hana wa kujifungua umetoa usaha, tunarudi hospitali kusafishwa siku moja baada ya nyingine, na hawezi kuinuka mwenyewe. Mume wake anashinda kazini. Siwezi kumwacha. Nimegawanyika, nusu yangu iko huku na nusu iko Mkiwa, na zote mbili zimechoka.

Sasa ya kwako. Usiniandikie habari za shati. Niandikie mkono unafika wapi. Kwenye kitovu? Kifuani? Damari alisema mbele yangu, na wewe ulikuwepo: mpaka kliniki ya mwisho wa Novemba mkono, pamoja na kiwiko chake, uwe umefika usawa wa bega. Usipofika, bega litaganda, na watalazimika kukulaza tena kwa dawa ya usingizi walifungue kwa nguvu, na baada ya hapo hakuna anayekuahidi kwamba utashika plau. Na alisema mgonjwa asijipandishe mwenyewe, maana mkono wa kushoto una huruma na mwenzake. Ukisikia mwenzake anaumia, unaachia. Apandishe mtu mwingine, polepole, mpaka mgonjwa mwenyewe aseme basi.

Kwa hiyo nijibu: Obadia anaufikisha wapi?

Kuhusu Radhia, adabu ile nilimfundisha mimi. Nilimwambia baba mkwe hashikwi, hatajwi jina, na chumbani kwake hapaingiwi. Mtoto wa mjini yule, alikuwa hajui lolote, na ameshika kila neno. Usimtafutie kosa.

Nimekaa na wewe muda mrefu, Mazengo. Najua ukianza kuchekesha kuna kitu umekifunika.

Mkeo,
Sijaona


Mkiwa,
29 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini wifi Hana anaendelea vizuri na mtoto pia.

Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu nitasikika. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa jikoni unasikika chumbani kwa baba. Nisamehe kwa nitakayosema, sipendi kuonekana mchongezi.

Mzee Obadia haji. Alikuja siku chache za mwanzo tu. Asubuhi ya mwisho nilikuwa uani nachambua mchele, nikasikia baba anapiga kelele, halafu kelele ikageuka kilio. Baba alilia, mama. Kisha akamfokea mzee Obadia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mzee alitoka kasahau kofia yake, na mpaka leo hajairudia.

Tangu hapo baba anajaribu mwenyewe. Namsikia kupitia ukutani. Anapumua kwa nguvu, ananyamaza, anapumua tena. Halafu anakohoa kwa sauti kubwa ili nijue amemaliza, na mimi najua hajafanya kitu. Uji unapoa pale pale kizingitini. Ameanza kukonda.

Mselemu yuko safari za Kahama na lori, akirudi analala usiku mmoja anaondoka. Nilipomwambia alijaribu kumshika baba mkono, baba akamwambia bega halijambo, aende akapumzike.

Mama, kwetu baba wa mume ni baba. Babu yangu mzaa baba alipoanguka, aliyekuwa akimkanda miguu mpaka anafariki ni mama yangu, na hakuna aliyeona ajabu. Hata dini inamhesabu kama baba. Naomba ruhusa yako nimpandishe baba mkono. Nitajifunga ushungi, nitaangalia chini, na sitazungumza. Nikikaa hivi nikimsikiliza anateseka ng'ambo ya ukuta najiona kama mgeni mbaya.

Mwanao,
Radhia


Singida Mjini,
3 Oktoba 2024

Mwanangu Radhia,

Marahaba. Umefanya vizuri kunieleza, wala hujachongea. Nimekaa na barua yako mapajani nikimwangalia mjukuu wangu analala, nikalia kidogo na mimi. Sijawahi kumsikia mwanaume yule akilia. Sijui hata kilio chake kinafananaje.

Lakini ruhusa uliyoiomba siwezi kukupa. Ya kwenu ni ya kwenu na ni mazuri, siyatukani. Kwetu Wagogo mkwe na baba mkwe hawagusani. Mimi baba mkwe wangu nilikaa naye uwanja mmoja mpaka anazikwa, na kama amekaa mlangoni nilizunguka nyumba nzima nipite nyuma. Alipougua nilimpikia, nikamfulia, na hakuwahi kuniangalia usoni. Ukimshika baba yako mkono, hata kwa wema, utakuwa umemvua nguo. Atapona bega afe kwa aibu, na Mkiwa watakuwa na la kusema mpaka mvua zije na ziondoke.

Nenda kwa mke wa Obadia, mpe ile kofia, umwombe kwa unyenyekevu mzee arudi. Mwambie mimi ndiye nimeomba. Baba yako usimwambie kwamba umeniandikia, na mimi sitamwambia.

Nitakuja nikipata nafasi. Sijui lini.

Mama yako,
Sijaona


Mkiwa,
20 Oktoba 2024

Mama Mselemu,

Uliuliza mkono unafika wapi nami nikakaa kimya muda mrefu. Leo nina jibu. Umefika kidevuni. Siongezi chumvi. Nimejigusa kidevu kwa mkono wangu wa kulia, nikakuta ndevu zimeota kama za mbuzi mzee.

Msaidizi wangu ana bidii kuliko nilivyotegemea. Haniulizi kama naumia, hanipi pole, hanionei huruma. Anangoja niseme basi, na nikisema anaacha hapo hapo. Sikujua kwamba mtu wa namna hiyo ndiye niliyekuwa nikimhitaji.

Lakini nimechoka, mke wangu. Hakuna aliyeniambia kwamba kupona kunachosha kuliko kuugua. Nilipougua nililala tu, watu wakaja na kuku. Sasa kila asubuhi naamka nikayatafute maumivu kwa mikono yangu mwenyewe, nayapata, nashukuru, na kesho yake naanza pale pale au chini kidogo. Watu wameacha kuja. Wanaona nimevaa shati, wanadhani nimepona. Nakaa upenuni nikiangalia malori yanavyopinda kwenda Itigi, na saa nyingine nikishika kikombe nakirudisha mezani kabla hakijafika mdomoni.

Ng'ombe wananiangalia. Nadhani wananicheka.

Mwambie Hana nimefurahi kusikia mshono umeanza kukauka.

Mumeo,
Mazengo


Singida Mjini,
27 Oktoba 2024

Baba Mselemu,

Jana nilikwenda sokoni kununua ndizi za Hana. Nikakutana na wanawake wa Mkiwa walioleta vitunguu. Tukasalimiana, tukaulizana hali. Mmoja akaniambia, "Mama Mselemu, hongera, mmechimba kisima ndani ya nyumba?" Nikauliza kisima gani. Akasema, "Si mkweo kila asubuhi anavuta kamba dirishani kwa mzee? Na mzee ndani analia, vuta, vuta, basi!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Nilicheka nao. Ningefanyaje? Kisha nimerudi nyumbani nikakaa jikoni, nikashindwa hata kumenya zile ndizi.

Kwa hiyo huyo ndiye msaidizi. Umeniandikia msaidizi, msaidizi, nami nikamwombea dua Obadia, nikamsifia kwa Hana, kumbe unanifanya mjinga. Mkwe wako! Umefungwa kamba na mke wa mwanao, mchana kweupe, kwenye njia ya watu wanaokwenda kwenye kisima cha kweli. Na nilimkataza. Nilimkataza kwa maandishi.

Kamba hiyo ishushwe leo. Radhia nimemwandikia ya kwake, na niliyomwandikia ni ya mimi na yeye.

Na nikwambie jambo jingine, kwa kuwa nimeshaanza. Imeniuma. Mkono wako kama ni wa kushikwa, wa kuushika ni mimi. Mimi ndiye niliyekulisha kwa kijiko hospitali. Sasa niko huku nimeshika mtoto wa mtu, na wewe umefika kidevuni bila mimi.

Sijaona


Mkiwa,
29 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara moja, sitaisoma tena.

Baba sikumgusa. Hata siku moja. Wala chumbani kwake sikuingia. Wewe ulisema asiguswe, nikatii. Mke wa mzee Obadia nilikwenda kumwomba kama ulivyoniagiza, akapokea kofia, akasema mume wake hawezi tena, kwamba akifumba macho anasikia kile kilio. Ndipo nikafikiri kamba. Nilileta ya ng'ombe nikaiweka kizingitini na kumweleza kupitia mlangoni. Baba alipoiona alisema neno moja tu, "Hiyo hapana." Nikaelewa. Nikachana kanga zangu kuukuu nikazisuka. Baba akairusha juu ya boriti kwa mkono wa kushoto, ncha moja akajifunga kwenye kiganja, nyingine akaitoa dirishani. Mimi nasimama nje, naona ukuta na anga, basi.

Mwanzoni alikuwa anagonga ukuta. Mara moja, vuta. Mara mbili, basi. Baadaye akachoka kugonga akawa anasema kwa mdomo. Siku nyingine mkono ukiwa juu na inabidi ukae hapo kidogo, ananisimulia, jinsi alivyomfundisha ng'ombe wake wa kwanza kulima, na mimi namsimulia duka la baba yangu, jinsi nilivyokuwa nalala juu ya majora ya vitambaa. Mama, tangu niolewe, hizo ndizo siku nilizojua naishi kwenye nyumba yenye watu.

Umeandika kwamba sikulelewa. Nililelewa.

Kamba nimeishusha, nimeikunja, iko juu ya pipa la maji. Nakwenda kwa wazazi wangu kupumzika, Mselemu nimemwambia. Uji wa baba atapika mke wa mzee Obadia.

Radhia


Mkiwa,
6 Novemba 2024

Mama Mselemu,

Nyumba imenyamaza. Nasikia mpaka bati likipoa jioni.

Nitakwambia yote, halafu uamue wewe. Obadia hakukosa. Alivuta vile alivyoelekezwa. Mimi ndiye niliyelia. Jandoni tuliambiwa mwanaume anayelia mbele ya wenzake anaaibisha ukoo, na nikatoka kule bila kutoa sauti, nikawazika wazazi wangu bila kutoa sauti, halafu asubuhi moja ya kawaida tu rafiki yangu ananiinua mkono, nikalia kama mtoto aliyeunguzwa na uji. Nilipoona macho yake, nikamfukuza. Nilimfukuza ili nisiyaone tena yale macho. Kisha nikakudanganya wewe.

Pengine unadhani mkwe amenivua nguo. Ni kinyume chake. Wewe ulimfundisha asiniangalie, na kwa sababu haniangalii niliweza. Ukuta hauna macho, Sijaona. Pale ndani nimelia kila siku, makamasi mpaka kifuani, na yeye nje anasimulia habari za majora ya vitambaa kana kwamba hasikii. Nikimaliza nafuta uso, nakohoa, anakwenda kuniletea uji. Mila zetu hazikuvunjwa. Kama zimewahi kunifaa maishani, ni mwezi ule.

Watu wacheke. Wamewahi kucheka mengi.

Mkono ulikuwa umefika kidevuni. Tangu aondoke najipandisha mwenyewe, na leo haukufika hata kwenye kifungo cha pili cha shati. Kliniki ni mwisho wa mwezi. Naogopa, mke wangu. Naogopa ile dawa ya usingizi, na zaidi naogopa mvua ikinyesha nikae upenuni kuangalia wengine wakilima shamba langu.

Kama una ukali, ulete kwangu. Yule binti ulimuonea.

Mazengo


Singida Mjini,
9 Novemba 2024

Baba Mselemu,

Nimeelewa. Ningekuwa na la kujitetea ningeliandika.

Juzi nilikwenda mpaka nyumbani kwao Radhia. Nilifika getini nikamsikia anacheka ndani na mama yake. Nikageuka. Bahati mbaya nikapita mbele ya duka lao, baba yake, Mzee Abdulmajidi, akaniona, akaniletea kiti, akaniagizia soda, akauliza bega la mkwe mwenzake linaendeleaje. Hakusema lolote jingine. Ile soda niliinywa kama dawa. Afadhali angenitukana.

Mama mkwe wa Hana amekubali kuja kunipokea. Hana sasa anatembea mwenyewe mpaka uani. Nakuja Jumatano, na kamba nitaivuta mimi.

Sijaona


Mkiwa,
1 Desemba 2024

Mwanangu Radhia,

Sijawahi kukuandikia, wala sijui mkwe anaandikiwaje. Kama nimekosea mahali, chukulia kwamba ni bega.

Natumaini hujambo, na wazazi wako hawajambo. Hapa tupo. Mama yako mkwe alirudi, akaishusha kamba yako kutoka kwenye pipa, akapanda kwenye kiti akaipitisha juu ya boriti mwenyewe. Lakini alikataa kusimama nje. Alisema yeye ni mke, hawezi kuvuta kwa dirishani kama anachota maji. Akakaa mbele yangu, magoti kwa magoti, akavuta.

Anavuta kwa huruma. Nikikunja uso analegeza. Nikisema "aa", kamba ameshaiachia, na machozi yeye ndiye anayaanza. Tunamaliza wote wawili tumechoka kama tumelima, na mkono uko pale pale. Sasa nina mikono miwili ya kushoto, mmoja wangu na mmoja wake.

Juzi tulikwenda kliniki. Damari aliupandisha, akaupima, akaupima tena. Haujafika usawa wa bega, kiwiko kimebaki chini, si sana, lakini kimebaki. Akauliza nani amekuwa akinisaidia. Mama yako akasema ni yeye. Damari akamwangalia, akaniangalia mimi, akauliza kabla yake alikuwa nani, maana bega hili kuna mtu alishalifungua halafu likaachwa. Nikasema ni mkwe wangu. Akauliza, "Yuko wapi sasa?" Mama yako alikuwa anaangalia sakafu.

Ametupa mpaka mwisho wa Januari. Usipofika usawa wa bega, wananilaza.

Mvua imeanza. Shamba langu Mselemu amelipa watu wa kulilima, wanalima ovyo, nimewaangalia mpaka nimeamua kugeuza kiti. Sikwambii haya ili unionee huruma. Huruma ninayo ya kutosha humu ndani, inanimaliza.

Mama yako alitaka niandike kwamba anakuomba radhi. Nimemwambia aandike mwenyewe. Ameanza tangu jana, anachana, anaanza tena. Akimaliza nitaiweka kwenye bahasha hii hii.

Mimi nina langu. Nilikuwa nadhani hunipendi, kwa jinsi ulivyokuwa unaweka sahani na kukimbia. Wewe najua ulidhani mimi ndiye nisiyekupenda. Tumeishi hivyo mwaka mzima ndani ya nyumba moja, watu wawili wenye adabu. Nimezungumza na mama yako tangu tutoke kliniki, usiku na mchana, na tumekubaliana. Wazee wa ukoo wakiuliza, nitawajibu mimi.

Rudi, mwanangu. Na ukija usizunguke dirishani. Ingia ndani, kaa mahali utakapouona mkono vizuri. Nikilia, nitalia, nawe utaniona.

Baba yako,
Mazengo


Singida Mjini,
4 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Barua zenu zote mbili nimezipata. Ya mama ina mistari miwili tu na sehemu kubwa imekatwa, lakini nimeielewa. Mwambie asiandike nyingine, nitamsalimia kwa mdomo.

Baba yangu anakusalimu. Ametoa kanga mpya ya kuongezea kwenye kamba, anasema kuukuu zitakatika.

Nakuja Jumamosi na basi la kwanza. Meza dawa ya maumivu kabla sijafika, baba, maana tumepoteza mwezi mzima na safari hii ukisema "basi" la kwanza sitalisikia.

Mwanao,
Radhia